Mtini Usiozaa na Mwalimu wa Timu

Vijana wa kwaya wametuletea swali, nao wanataka lijibiwe katika kurasa hizi, si pembeni. Wanauliza hivi: timu inapofungwa kila juma, na mashabiki wakaanza kupiga kelele kwamba mwalimu afukuzwe, Mkristo aliyemo kati yao afanye nini? Apige kelele pamoja nao? Anyamaze? Au asimame kumtetea mtu ambaye pengine kazi imemshinda kweli?

Wapo wazee watakaosema kwamba hili si jambo la gazeti la kanisa. Sisi twaona ni lake kabisa. Maneno yale yale tunayoyasikia uwanja wa Kambarage, kwamba "tumempa muda wa kutosha", tunayasikia pia katika kikao cha halmashauri ya parishi, anapojadiliwa mwinjilisti ambaye mtaa wake umebaki na watu kumi na wawili. Tukijifunza kuhukumu vizuri katika mpira, ambako hasara yake ni pointi tatu, huenda tukahukumu vizuri pale ambapo hasara ni mtu na nyumba yake.

Habari za kanda yetu ni hizi. Katika muda wa miaka mitano tulipoteza timu tatu kutoka Ligi Kuu. Stand United, ile iliyozaliwa na vijana wa stendi ya mabasi ya Shinyanga na kuitwa Chama la Wana, ilipanda mwaka 2014, ikashuka mwisho wa msimu wa 2018/19. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ikafuata mwisho wa msimu wa 2020/21. Geita Gold ikashuka mwaka 2024. Basi msimu wa 2024/25 ulipoanza, mtu wa Shinyanga au Geita aliyetaka kuona Ligi Kuu kwa macho yake ilimbidi apande basi kwenda Mwanza, Tabora au Bukoba. Na katika kila anguko, jina la kwanza kutajwa barazani lilikuwa la mwalimu.

Tuichukue Geita Gold, maana habari zake zinafundisha pande zote mbili. Felix Minziro ndiye aliyeipandisha mwaka 2021. Ilipofika Ligi Kuu viongozi wakamleta Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyewahi kuifundisha Taifa Stars. Mechi za mwanzo zikawa mbaya, wakaachana naye msimu ukiwa bado mchanga, Minziro akashika usukani. Msimu huo wa 2021/22 ulipokwisha, Geita ilikuwa ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, na mshambuliaji wake George Mpole alikuwa kinara wa ufungaji wa ligi nzima kwa mabao 17. Anayependa walimu wafukuzwe mapema ana ushahidi wake hapo, na ni ushahidi mzuri. Lakini tugeuze ukurasa. Msimu wa 2023/24 timu ilianza chini ya Hemed Suleiman, yule tunayemwita Morocco. Kabla msimu haujaisha benchi lilikuwa chini ya Denis Kitambi. Na timu ikashuka. Klabu ile ile na dawa ile ile: mara ya kwanza mgonjwa alipona, mara ya pili akafa.

Na walimu wenyewe je? Hemed alikabidhiwa Taifa Stars mwaka 2024, akaifikisha kwenye fainali za Afcon za 2025. Kabla fainali zenyewe hazijaanza, Novemba 2025, akaachwa, na nafasi akapewa Miguel Gamondi. Huyu mwaka mmoja nyuma alikuwa amefukuzwa na Yanga baada ya kufungwa mechi mbili mfululizo, na Azam kisha Tabora United, ingawa msimu uliotangulia alikuwa ameitwalia ubingwa. Gamondi akaivusha Stars katika hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Yanga nayo, bila Gamondi, ikatwaa ubingwa wa 2024/25. Mwenye kutafuta kanuni katika habari hizi ataumwa kichwa.

Twasema haya kwa sababu mabishano mengi ya mpira huendeshwa kwa kungojea matokeo na kisha kusema, "Sikuwaambia?" Hiyo si hoja. Uamuzi ulioleta mema baadaye waweza kuwa ulikuwa wa haraka na wa dhuluma, na uamuzi wa haki waweza kufuatiwa na hasara. Mwaka 2022 Geita ilikwenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika na Hilal Alsahil ya Sudan. Ilifungwa 1-0 ugenini, ikashinda 2-1 nyumbani. Jumla ikawa mbili kwa mbili, na Geita ikatolewa kwa sababu ya bao la ugenini. Je, mwalimu angekuwa mtu bora zaidi kama lile bao moja la Wasudani lingegonga mwamba na kutoka nje? Kazi yake mazoezini ingekuwa ni ile ile.

Upande wa pili, yaani wa wale wanaosema "apewe muda", nao wana hadithi yao wanayoipenda kuliko zote: Alex Ferguson aliingia Manchester United Novemba 1986, hakupata kombe lolote hata mwaka 1990, na watu walimtaka aondoke, akavumiliwa, akakaa mpaka 2013 na kuwa kama tunavyomjua. Hadithi ni ya kweli. Shida yake ni kwamba inatajwa kwa sababu ilimalizika vizuri. Wale waliovumiliwa miaka mitatu, minne, wasizae kitu, na timu zao zikazama pamoja nao, nani anawataja barazani? Mtu akikuonyesha shamba moja lililostawi baada ya mvua kuchelewa, hajakuonyesha kwamba kuchelewa kwa mvua ni kuzuri.

Basi tukiacha matokeo, tubaki na neno lenyewe ambalo vijana wametumia: *anastahili*. Wanabishana kama mwalimu anastahili muda zaidi. Neno hili linabeba mizigo miwili ambayo si mmoja. Mzigo wa kwanza ni wa ahadi. Kama klabu iliandikiana naye mkataba wa misimu miwili, ikamwambia kwamba msimu wa kwanza ni wa kujenga, basi msimu huo ni wake kwa haki, awe anashinda au hashindi, isipokuwa amevunja yeye mwenyewe masharti. Hapa hakuna huruma wala uvumilivu, ni kulipa deni tu. Mzigo wa pili ni ule wa muda unaozidi ahadi, na huu hakuna mtu anayeustahili. Huo hutolewa. Na mtoaji ana haki ya kuuliza unatolewa kwa ajili gani, na nani anayeulipia.

Mwasomaji mnaujua mfano wa mtini katika Luka sura ya 13. Mwenye shamba anakuja kutafuta tunda, hapati, anaagiza mti ukatwe. Mtunza shamba anamwomba auache mwaka mmoja tena. Mahubiri mengi tuliyoyasikia huishia kwenye huruma ya mtunza shamba. Lakini usomeni tena polepole mkiwa mmeshika maneno ya mashabiki wetu kichwani. Mwenye shamba alikuwa amekuja miaka mitatu. Mashabiki wetu huwa wamekuja Jumamosi tatu. Tena hoja yake si ya hasira: mti unakalia ardhi ambayo ingeweza kulisha kitu kingine. Hiyo ni hoja nzito, wala mtunza shamba haikanushi. Hasemi kwamba mti ni mzuri, wala hasemi mwenye shamba ni katili. Anaomba mwaka mmoja, anaahidi kwamba yeye mwenyewe atapalilia pande zote na kutia samadi, na anakubali kwamba mwaka ukiisha bila tunda, mti utakatwa. Yaani muda anaouomba una kazi ndani yake na una mwisho.

Kwa kipimo hicho, pande zote mbili za ubishi wa barazani hupungukiwa. Anayesema "afukuzwe" hajahesabu miaka. Anayesema "apewe muda" hana samadi mkononi wala tarehe kichwani. Yeye muda kwake ni maneno tu, wala hayamgharimu.

Ukweli ni kwamba uvumilivu wa kutumia hasara ya mwingine ni rahisi mno. Shabiki anayerudi kwake Ngokolo au Kitangili baada ya mechi atakula ugali wake timu ikishinda au ikifungwa. Lakini timu ikishuka, wapo vijana ishirini na zaidi ambao mikataba yao inakatika au inapunguzwa. Mama wauza chakula karibu na uwanja wa Nyankumbu hawapati tena umati uliokuwa ukija Yanga au Simba zilipoingia Geita. Ligi ya timu 16 ni mechi 30 tu. Ukimvumilia mwalimu mechi 15 umekwisha kutumia nusu ya maisha ya timu katika daraja lile. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaodhani kwamba siku zote Ukristo uko upande wa kungoja. Mwenye kungoja aangalie nani analipa gharama ya kungoja kwake, naye awaulize wanaoilipa.

Kanda yetu ina shule nzuri ya jambo hili kuliko vitabu, nayo ni duara. Ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu wanajua vizuri kuliko sisi swali la kuendelea au kuacha. Mwenye kugharamia duara huleta chakula cha wachimbaji, matimba ya kushikilia kuta, pampu ya kuvuta maji. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna. Wa tano naye anaanza kuuza ng'ombe. Linalomwangamiza mara nyingi ni ile sauti ya ndani inayosema, "Nimekwisha kutia ng'ombe wanane, siwezi kuacha sasa." Wale wanane wamekwenda. Hawarudi akiendelea wala akiacha. La kuuliza ni kama ng'ombe wa tisa ana sababu ya kuuzwa.

Na wachimbaji wenye akili hawangoji dhahabu tu ndipo wajue. Wanachukua mawe ya kina kile walichofikia, wanaponda kidogo, wanaosha kwenye karai, wanatazama. Wanatazama rangi ya mwamba na mwelekeo wake. Duara ambalo halijatoa kitu cha kuuzwa laweza kuonyesha dalili njema, na duara lililotoa gramu chache jana laweza kuwa limefika mwisho. Mwalimu wa timu naye aweza kuoshwa kwenye karai namna hiyo. Vijana waliokuja wakiwa hawajui kukaa kwenye nafasi, sasa wanakaa? Dakika ya 80 bado wanakimbia au wamekwisha? Wakifungwa bao, wanatazamana na kulaumiana, au wanarudisha mpira kati haraka? Mazoezini anafika wa kwanza au wa mwisho? Anayekwenda mazoezini siku mbili atajua mengi kuliko aliyesikiliza matokeo kumi redioni. Tumeona kwamba wanaopiga kelele sana huwa hawajawahi kwenda mazoezini, na hili lingewapasa wapunguze sauti kidogo.

Tena kuna vitu ambavyo mwalimu hanavyo mkononi. Stand United ilipopata udhamini wa kampuni ya uchimbaji ya Acacia mwaka 2015, ikamleta Mfaransa Patrick Liewig aliyewahi kuifundisha Simba, wengi wetu tulidhani Shinyanga imepata bahati isiyokwisha. Mwaka uliofuata klabu ikagawanyika, wengine wakisema timu ni ya kampuni, wengine ni ya wanachama, na Acacia ikajitoa. Hakuna mwalimu, awe Mfaransa au mtu wa Kishapu, awezaye kufundisha krosi na kona wakati viongozi hawajakubaliana ni nani mwenye timu. Huo ndio wakati wa kuuliza juu ya samadi. Mishahara imelipwa? Basi la safari lina mafuta? Jamhuri Kihwelu, ambaye sote twamjua kwa jina la Julio, aliiacha Mwadui Oktoba 2016 akilalamikia waamuzi. Mtu aweza kumkubali au kumkatalia, ila alikuwa anasema kwamba mtini hauwezi kuzaa ikiwa kila usiku mtu anakuja kuukata mizizi.

Pupa ya matokeo ina mwisho wake nao twaujua. Februari 2016, siku ya mwisho ya kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita na Polisi Tabora zilikuwa zinagombea nafasi ya kupanda kwa tofauti ya mabao. Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Shirikisho la mpira, TFF, likaamua kwamba matokeo yalipangwa, likazishusha timu zote nne, na nafasi ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Hatuwataji hapa ili kuwaaibisha. Geita ilirudi na kupanda kwa jasho baadaye. Tunawataja kwa sababu watu wanaoambiwa kila siku kwamba hawana muda, kwamba wapande mwaka huu au waondoke, hujaribiwa kutafuta mabao mahali pengine kuliko miguuni mwa wachezaji.

Turudi kwa swali la vijana, maana wanangoja jibu. Je, shabiki Mkristo aweza kusema mwalimu aondoke? Aweza. Timu si mali ya mwalimu, na kusema kwamba mtu hafai kwa kazi fulani si kumdhulumu, mradi umeitazama kazi, umehesabu muda uliomwahidi, na umeuliza alipewa nini cha kufanyia kazi. Lisiloruhusiwa ni lile tunalolisikia majukwaani, mtu kutukanwa yeye, mama yake na kabila lake, au kusemwa kwamba ameuza mechi bila ushahidi wowote, au kwamba ana mkosi na anahitaji kuogeshwa dawa. (Wapo washiriki wetu wanaoshiriki meza ya Bwana asubuhi, na jioni wanachangia fedha ya mganga wa timu. Hao tutawaandikia siku nyingine.) Mwenye shamba hakuutukana mtini. Tena mtini hausikii, lakini mwalimu ana watoto shuleni, na Jumatatu wenzao wanawarudishia yale yaliyosemwa na baba zao Jumamosi.

Na akiondolewa, aondolewe akiwa amelipwa. Jambo hili twaona halisemwi vya kutosha. Mara nyingi mashabiki husherehekea mwalimu alipofukuzwa bila kuuliza kama mishahara yake ya nyuma imekwisha kulipwa, na baadaye tunasoma habari za madai na kesi. Mtu anapanda basi alfajiri pale stendi na mabegi yake, anadai miezi mitatu, na sisi tunamngoja kwa nyimbo yule anayeletwa. Yakobo katika waraka wake, sura ya 5, ana maneno makali juu ya ujira uliozuiliwa. Kila mtu ayasome mwenyewe.

Tulitaja mwanzoni mwinjilisti na watu kumi na wawili. Habari hiyo tumeletewa kutoka parishi moja ya kanda hii, nasi hatutaitaja. Kikao kilikuwa karibu kumwondoa, maana miaka miwili kabla mtaa ule ulikuwa na watu zaidi ya sitini. Mama mmoja akauliza ni wangapi kati ya wajumbe waliowahi kufika kule tangu wampeleke. Wakainua mikono wawili. Akauliza tena wale watu hamsini wamekwenda wapi, na mmoja wa wale wawili akajibu kwamba wengi wao wamehamia kwenye machimbo mapya, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na kwamba mwinjilisti alikwisha kuomba baiskeli mara mbili ili awafuate huko. Maombi yale yalikuwamo kwenye faili. Kikao kikamnunulia baiskeli, kikaandika katika kumbukumbu kwamba kazi yake itatazamwa tena baada ya mavuno ya pamba, na wajumbe watatu wakachaguliwa wamtembelee kabla ya hapo, kila mmoja mwezi wake. Mavuno bado.